Dada Mwajuma aliyekuwa akinirudishia kazi

Siamini bado kwamba Dada Mwajuma wa Jabe amekufa, na mi bado nina hasira naye.

Nawaona humu kwenye grupu mnaandika kwamba alikuwa malaika. Mi nimefanya naye kazi atelye moja ya ushonaji miaka sita. Malaika hakuwa.

Tulikuwa tunashona mablanketi ya vipande vya kitenge. Mi nilitayarisha kitambaa cha juu na kile cha chini, tunachokiita mgongo. Yeye alivifunga kwenye mashine ndefu, pamba katikati, akavishona pamoja.

Kila asubuhi aligeuza kazi yangu kama mtu anayetafuta chawa. Uzi mmoja unaning'inia, anairudisha. Mshono haukulala vizuri kwa pasi, anairudisha.

Siku moja tulikuwa na komande, oda kubwa ya hoteli, watu wanangoja. Akapima mgongo wangu kwa kiganja mbele ya wote.

"We Espérance, hii apana. Mgongo uzidi kitambaa cha juu kiganja kizima kila upande. Mashine itashika wapi?"

"Mbona mi naona unatosha," nikamjibu.

Alipoenda kuswali adhuhuri, nikaufunga mwenyewe kwenye mashine, nikaanza kushona. Karibu na mwisho mgongo ukachomoka kwenye roli, ile fimbo ya mashine inayoukaza, sindano ikachana kitambaa cha juu. Kazi ya wiki mbili.

Patroni, mwenye atelye, akauliza ni nani aliyeharibu. Mwajuma hakungoja hata nimeze mate.

"Ni Espérance."

Miezi mitatu nikawekwa kwenye pasi tu.

Tangu hapo sikumsalimia. Siku ya Idi alinitumia sahani ya pilau. Niliirudisha vile vile, imefunikwa.

Baadaye akaugua, akalazwa hospitali huku kwetu Kamenge. Nilipita getini kila siku nikienda kazini. Sikuingia.

Jana matangani binti yake, Zuhura, akanivuta pembeni.

"Mama alimuomba patroni mashine ikuje kwako. Asiishike mutu mwingine."

"Alisema lini?"

"Mwaka jana, mbele ya kuugua."

Mwaka mzima, Dada. Ulijua, na kila asubuhi ukanirudishia kazi bila neno moja zuri. Mdomo wako ulikuwa mwepesi kwa patroni, kwangu ukawa mzito.

Ungeniambia, ningekuja kukuona. Au nisingekuja. Hilo sasa sitalijua kamwe, na ndilo linaniuma.

Leo nimekaa kwenye kiti chako. Mashine sijaiwasha.

Lala, Dada Mwajuma. Mungu akupokee vizuri kuliko nilivyokupokea mi.