Kutakuwa na Kula Maktabani

Walubengo alitoka Kibabii na ulimi wa nyumbani, na miaka yote aliyofanya kazi katika maktaba ya Kitale ulimi huo ulikataa kata kata kuhama. Mara nyingi R ikitakiwa, ilikuja L. L ikiitwa, R ilitangulia. Watu walimcheka, naye akacheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Baba yake alifariki kabla hajamuuliza lolote kuhusu maisha ya zamani, na hilo lilimuuma hata baada ya matanga kusahaulika. Ndiyo maana mwaka wa themanini na saba alianzisha mazungumzo ya historia pale maktabani, kila Jumamosi alasiri, wazee wasimulie wangali hai. Wakaja wawili watatu, siku nyingine asije hata mmoja. Mkuu wa maktaba, Bi Sally, akamwambia kwa upole kwamba viti vikibaki vitupu Jumamosi ijayo, mazungumzo yatakoma.

Basi Jumapili akasimama kanisani wakati wa matangazo.

"Jumamosi mkuje maktaba, ndugu zangu. Tutaongea mambo ya zamani, halafu kutakuwa na kula."

Alikusudia kura, watu wamchague msimulizi wa wiki inayofuata. Lakini ulimi hauna mfupa, na habari za chakula hazihitaji kutangazwa mara mbili.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Walubengo alikuwa akitabasamu peke yake pale Jepkoech, bibi mmoja wa Endebess, alipomvuta shati.

"Kijana yangu, sufuria ziko wapi? Si ulisema kuna kula?"

Akaenda mbele, akaungama. "Wazee wangu, nilisema kula. Ile ya kuchagua mtu!"

Kicheko kikavuma, kisha watu wakaanza kuinuka, na ilikuwa haki yao. Nani aache palizi aje kutazamwa na vitabu? Bi Sally akainamisha kichwa. Walubengo akaona kazi yake inatoka mlangoni kwa miguu.

"Ngojeni!" akapaza sauti. "Mniambie kitu moja tu. Mkifika hapa mara ya kwanza, mlikura nini?"

Wakacheka tena, lakini safari hii wakakaa. Jepkoech akaanza. Alisema waliokota mahindi yaliyodondoka katika shamba la mzungu, mnyapara akigeuka. Mwingine akadakia na mboga za porini, na chungu kikazungushwa kwa maneno matupu.

Ndipo Mwihaki akasimama. Watu wake walitoka Nyeri, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema mbele za watu.

"Sisi tulikuja na gunia ya viazi ya mbegu. Mvua ikachelewa. Tukakula mbegu. Mama alikuwa akipika akilia, na sisi watoto tunaruka, ati leo kuna viazi."

Jepkoech akasogea, akakaa karibu naye.

Jua liliposhuka Bi Sally mwenyewe akauliza nani atasimulia wiki ijayo. Mikono ikamwelekea Walubengo. Alisimama, machozi yakimlengalenga.

"Mimi sina. Baba yangu sikumuuriza."

"Hata mimi sijui baba yako alikula nini," akasema Jepkoech. "Lakini watu wa kwanza kunifundisha kulima walitoka Kibabii, na hao niliwauliza mambo ya kwao. Kaa chini, nikuambie."