Sauti ya Handakini

Kwenye klabu ya kulenga shabaha walimwita Hakosi. Siku nzima alikuwa akisaga vioo vya miwani dukani, na Jumamosi alikuwa akivunja visahani vya udongo angani kwa bunduki ya marisau. Mumewe alipenda kutania: "Mimi nikisema narudi saa kumi, saa kumi nipo. Unacheza na mwanamke yule?"

Aliyemfundisha ni kaka yake, fundi wa mashine ya kurusha visahani. Mashine hiyo ilikaa ndani ya handaki fupi mbele ya wapigaji, nayo ilisikiliza sauti: mpigaji akisema "Rusha!", mkono wa chuma unafyatuka na kisahani kinaruka.

Mchana mmoja visahani vilikwama. Kaka akashuka handakini. "Usiite mpaka nitoke," alimwambia.

Dada akangoja. Jua lilikuwa kali, na mashindano yalikuwa wiki ile. Akasikia chuma kikilia, akadhani kazi imekwisha. "Rusha!"

Mkono ule ulimpata kaka kichwani. Hakufika hospitali.

Watu walisema mashine imejifyatua yenyewe, maana chuma kikichakaa hakiaminiki. Dada aliitikia kwa kichwa. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwake, naye akalimeza.

Alirudi uwanjani baada ya miezi minne. Alipoinua bunduki na kuita, kabla kisahani hakijaruka, alisikia sauti ya kaka yake kutoka handakini, ya taratibu kabisa: "Bado." Hata hivyo kidole kikafanya kazi yake. Ikawa hivyo kila alipoita. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga huku akiambiwa asubiri, na akawa bingwa wa taifa mara tatu. Waandishi wakimuuliza siri ya utulivu wake, alikuwa akitazama chini.

Kisha ikaja fainali ya ugenini. Kilibaki kisahani kimoja. Akaita. "Bado," sauti ikasema, safari hii karibu na sikio. Akashusha bunduki. Kisahani kikapita, kikaangukia majanini kikiwa kizima.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta jikoni anachambua mchele.

"Mama, mashine haikujifyatua. Ni mimi niliita."

Mama hakuinua uso. "Najua, mwanangu. Nilikuwa getini nawaletea chakula. Nilikusikia."

"Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja alikuwa amekwenda. Ningesema, ningebaki na nani?"

Walilia pale pale, ungo katikati yao. Kesho yake wakaenda pamoja kwa viongozi wa klabu, na Hakosi akasema yote. Mwenyekiti alivua kofia. Tangu hapo hakuna anayeshuka handakini kabla umeme haujakatwa.

Alitumaini sauti ingenyamaza. Haikunyamaza. Jumamosi iliyofuata mama alikuja, akaketi nyuma yake kwenye kiti cha plastiki. Hakosi akaita, "Bado" ikatoka handakini, naye akaacha kisahani kipite.

"Umesikia, mama?"

"Nimekusikia wewe tu."

Akaita tena, akapiga. Msimu ule alimaliza wa saba, na mama hakukosa hata Jumamosi moja.