Rubani Asiye na Namba Mguuni

Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka thelathini na moja, baada ya figo kumgomea, na kitu pekee alichoacha ambacho hakikuwa nguo wala godoro kilikuwa sanamu ya plastiki ndani ya kasha. Ilikuwa sanamu ya rubani wa chombo cha anga, mkono mmoja wa chuma, kutoka kwenye mfululizo wa filamu tulizozitazama utotoni katika banda la video pale Nyegezi, mfasiri akipiga kelele kushinda milipuko yenyewe. Mimi filamu zile zilinitoka. Yeye hazikumtoka. Baba aliita sanamu ile mdoli, na hakuchoka kusema kwamba amezaa mwanaume anayecheza midoli.

Midoli ndiyo kazi yangu. Nina kibanda Nyamagana, si mbali na soko kuu, nafungua marobota ya mitumba ya vitu vya watoto. Wateja wengi wanataka kigari cha kumnyamazishia mtoto. Lakini wapo watu wazima wanaotafuta sanamu za filamu zile, na wapo wanunuzi wa nje wanaopiga simu ya video wakitaka niigeuze sanamu mbele ya kamera mpaka mkono uchoke. Hao ndio walionifundisha kupima. Unaanza na kasha: pembe zake, rangi yake, plastiki ya mbele kama imepauka. Kisha unachukua kioo cha kukuzia na kutazama maandishi. Mwisho unatafuta namba. Rubani yule alitolewa kwa nakala chache, kila moja na namba yake, imeandikwa kwenye kasha na kugongwa chini ya mguu wa kushoto. Na kasha likishafunguliwa, hata kama kilichomo ni halisi, thamani yake imeshaanguka.

Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu hutandazwa mkekani na kila kimoja hutajwa thamani yake mbele ya watu. Kwa aliyekufa na mke na watoto, hiyo ni desturi tu. Kwa aliyekufa kapera ni hukumu. Akiwa ameacha kitu kinachofikia ng'ombe mmoja, jina lake hupewa mtoto atakayezaliwa baada yake. Akiwa hakuacha kitu, jina linazikwa naye, kwa kuwa wazee wanaamini jina la mtu aliyeondoka mikono mitupu litamfuata mtoto na ufukara wake. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kila mtu pale nyumbani alijua mtoto anayesubiri jina ni nani, na mpimaji ni nani.

Asubuhi ya siku hiyo mama aliniita jikoni. Hakuniuliza kama sanamu ni ya thamani. Aliniambia tu, huku akichambua mchele, "Baba, ukifika pale sema kitakachomsaidia mwenzako." Nikamjibu nimesikia. Nilidhani ni maneno ya mama yeyote aliyefiwa.

Sasa niseme lile ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Sanamu ile ilikuwa bandia, na mimi ndiye niliyemuuzia. Katika robota moja nilikuta marubani wawili wenye namba ileile kwenye makasha yao, na hapo hapahitaji utaalamu. Mmoja nilimuuzia mama mmoja kama mchezo wa mtoto wake. Wa pili nikamweka juu ya meza, maana wakati huo nilikuwa na meza tu. Mdogo wangu akaja siku ya mshahara, bado ananuka kiwanda cha minofu ya samaki, akamwona. Akaniuliza, kaka, ni yenyewe? Nilitaka kumwambia ukweli. Hapana, nisijipambe, sikutaka. Nilisema ni yenyewe, akanipa mshahara wa mwezi mzima, nikaupokea kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Ningeweza kusema kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Kodi humfikia kila mtu.

Baada ya hapo alinitangaza mjini kote. Aliwaambia wenzake wa kiwandani na wapenzi wa filamu zile kwamba kaka yake hata akilala njaa hawezi kukuuzia bandia. Wakaja. Meza yangu ikageuka kibanda kwa sababu ya sifa zake. Kila mteja aliyesema nimetumwa na mdogo wako alinipa faida na kichefuchefu kwa pamoja, na kwa miaka sita niliweza kuishi na vyote viwili.

Kwa hiyo nilikwenda mkekani nimeshaamua kudanganya. Nililiona kama deni langu kwake, na lilikuwa rahisi kulipa: nani pale angejua? Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amevuka ziwa kutoka upande wa Busisi, na yeye maisha yake yote ni ng'ombe. Akakohoa, akasema, "Wewe ndiye mjuzi wa haya mambo. Inafika ng'ombe?"

Nikalichukua kasha, nikatoa kioo changu, nikajifanya napima. Nilikagua pembe. Nilitazama maandishi. Kisha nikaligeuza juu chini, kwa mbwembwe tu, ili wazee waone ninavyofanya kazi. Hapo ndipo nilipoona kwamba karatasi ya chini iliwahi kuchanwa kwa wembe, taratibu sana, ikarudishwa kwa gundi. Gundi yenyewe ilikuwa imeshageuka manjano kwa uzee.

Hakuna sababu ya kufungua kasha lile kwa chini isipokuwa moja. Nikaipenyeza kucha, karatasi ikaachia. Kamba ndogo iliyofunga mguu wa kushoto ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa fundo la mkono wa mtu. Chini ya mguu palikuwa laini, hapana namba. Alitazama, akaona, akafunga, akatoka kwenda kuwaambia watu kaka yake hauzi bandia.

Nilikuwa nimejiandaa kuwadanganya watu wasiojua. Kumdanganyia mtu aliyejua, tena mbele ya nguo zake zilizokunjwa, kulinishinda. Nikasikia sauti yangu inasema, "Haifiki hata kuku. Ni bandia. Mimi nilimuuzia, nikijua."

Baba alitazama mikono yake. Baba mkubwa akasema basi, jina lipumzike, na nguo zikagawiwa. Mke wangu alinyanyuka kwa shida akaenda nje. Na mimi, naona haya kulisema, nilijisikia mwepesi. Niliona nimetubu. Niliona mdogo wangu, popote alipo, amepata kaka mkweli hatimaye.

Nikamfuata mama jikoni na wepesi wangu huo. Alikuwa anakwangua ukoko. Nikamweleza kuhusu wembe, gundi na kamba, nikamwambia mama, yule alijua, siku zote alijua.

"Najua alijua," mama akasema. "Aliniambia mwezi uleule, akaniapisha nisikutajie. Kakunyamazia miaka sita. Wewe umeshindwa kumnyamazia asubuhi moja."

Akaendelea kukwangua sufuria. Wiki tatu baadaye mwanangu alizaliwa, mtoto wa kiume. Tumempa jina la babu yake mke wangu.