Mama Aliyevuka Kamba ya Gwaride

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Picha cha polisi alinikabidhi kamera isiyo na mkanda ndani. Nilikuwa konstebo mgeni, binti wa askari kutoka kaskazini, mzaliwa wa kambi.

"Nenda mtaa wa Katwe," akasema. "Zunguka mpaka saa sita, urudi uniambie umeona nini."

Nikarudi nimelowa jasho. "Nimeona mafundi wakitengeneza sigiri za mkaa, afande."

"Jua liliwapiga upande gani wa uso?"

Sikujua.

"Basi hujaona. Kesho tena."

Nilikwenda siku nne. Siku ya nne fundi mmoja aligeuza bati, mwanga ukaruka ukampiga chini ya kidevu, uso wote ukawaka. Nilikimbia kumwambia Mkuu. Akacheka, akafungua kabati, akanipa mkanda.

Nyinyi wa simu mjue kwamba mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita tu, na hukuona hata moja mpaka uusafishe kwa dawa katika chumba cha giza. Kwa hiyo tulitazama kwanza, kidole baadaye. Nilipiga magari yaliyogongana, milango iliyovunjwa, alama za viatu kwenye matope.

Kisha likaja gwaride la kuhitimu makurutu. "Mgeni rasmi akimpa mkono kurutu bora, hiyo ndiyo picha," Mkuu aliagiza. "Usiikose."

Nilikuwa nimebakiwa na picha moja. Mgeni rasmi akanyoosha mkono. Papo hapo nikasikia kigelegele nyuma yangu, nikageuka. Mama mmoja, viatu mkononi, alikuwa amevuka kamba anakimbilia binti yake mstarini. Binti alikakamaa kama alivyofunzwa, ila mdomo ulikataa kutii. Ulicheka.

Nikabonyeza.

Kesho yake Mkuu aliinama juu ya picha zangu. "Mgeni rasmi yuko wapi?"

"Hayumo, afande."

"Mkanda uliisha?"

"Hapana, afande. Niligeuka."

Kwa kosa kama hilo mtu alirudishwa kuongoza magari. Mkuu aliitazama tena picha ya yule mama.

"Mgeni rasmi nitamweleza mwenyewe," akasema. "Wewe chapisha mbili. Moja ya ukuta wangu, moja umpelekee huyu mama."

Binti yake alinielekeza, nikamkuta yule mama kwake, anafua. Akakausha mikono kwenye gauni, akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Haa! Kumbe mtoto yangu nacheka?" akasema. "Mimi machozi ilijaa, sikuona kitu!"

Akapiga kigelegele kingine, majirani wakatoka.

Miaka mingi baadaye niliongoza kitengo hicho mwenyewe, nikastaafu kwa heshima. Sasa naishi Bukoto, na jirani yangu Mkongomani huniomba nimpigie kwa simu picha za vitenge anavyouza. Jana alilalamika: "Mama, mbona unakawia? Bonyeza tu!"

"Subiri," nikamwambia. "Wingu linapita."

Likapita. Tukabaki pale barazani, vitenge vimewaka pande zote, tunacheka wote wawili, na mimi nimesahau kabisa kubonyeza.