Mchana Mmoja Roma, kwa Sista Klementina

Nilichaguliwa kwenda Uholanzi kwa kozi ya miezi minne. Wakati huo nilikuwa mkunga katika hospitali ya serikali mjini Moshi, nikiishi Njoro na mama yangu. Mganga mkuu alinikabidhi tiketi akasema, "Ndugu Yustina, utabadilisha ndege Roma. Utangoja pale kutwa nzima, kwa hiyo chukua kitu cha kusoma." Alikuwa ananipa pole. Mimi niliposikia Roma moyo ulinipiga, maana Sista Klementina alikuwa huko.

Sista Klementina ndiye aliyenifundisha kazi, katika zahanati ya misheni kijijini kwetu, juu ya Himo. Alikuwa Mtaliano mfupi, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kukasirika. Tulifanya kazi pamoja miaka sita. Kisha mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua, akafariki mikononi mwetu. Sista akasema mbele ya ndugu wa marehemu kwamba mimi nilichelewa kumwita. Sikuchelewa. Nilimwita mara mbili. Wiki ile ile nilishuka mjini kutafuta kazi, wala sikumuaga.

Baadaye alipougua na kurudishwa kwao, alituma mtu aniite tuagane. Nilijibu kwamba nina zamu. Sikuwa na zamu. Krismasi iliyofuata akanitumia kadi yenye anwani ya nyumba ya masista wazee, Roma. Sikuijibu.

Siku ya kuondoka, mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Kibo ilikuwa wazi, theluji inang'aa. Mama hakuitazama, alinitazama mimi.

"Utamwendea Sista?"

"Sijui, mama. Nitamwambia nini?"

"Mwamkie kwanza. Mengine yatakuja yenyewe."

Roma tulishuka saa moja asubuhi, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Ndege yangu ya pili ilikuwa saa kumi na moja jioni. Afisa wa uhamiaji aliigeuza pasi yangu huku na huku, akanigongea kibali cha siku ile tu. Abiria wenzangu, waliokuwa wanangoja kama mimi, walipanga kwenda kuona makanisa makubwa na magofu ya kale. Mzee mmoja akaniambia kwa Kiingereza, "Njoo nasi, binti, huenda usirudi tena hapa." Nilitamani. Tangu utoto nilikuwa nimesikia habari za Roma kila Jumapili. Nikamshukuru, nikapanda basi la mjini, nimeishika ile kadi mkononi.

Saa nne nilikuwa kwenye stesheni kuu ya treni. Nilimwonyesha anwani mwanamke aliyekuwa anauza machungwa. Hakujua neno langu hata moja, nami sikujua lake. Alinishika mkono hadi kituo cha tramu, akamweleza kondakta, akaniacha. Nilikuwa nimenunua kwake machungwa sita. Kwetu ningechuma jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nimpelekee Sista, naye angejua nimekuja kupatana. Roma sikujua nichume nini.

Saa tano na nusu nikabonyeza kengele kwenye lango la chuma. Sista kijana aliyekuwa mlinzi wa mlango alifungua. Jina lake Agnese, na alijua Kiingereza kidogo. Nilipomtaja Klementina, akatikisa kichwa taratibu.

"Akili yake imechoka," alisema. "Haongei nasi tena. Anatoa sauti tu, maneno ambayo si lugha. Daktari anasema ni ugonjwa."

Aliniongoza kwenye chumba kidogo ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Sista Klementina alikuwa kwenye kiti, amekuwa mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, Sista."

Akainua uso haraka. "Marahaba! Umepanda kwa miguu kutoka Himo? Kuna matope?"

Agnese alishika mdomo. Nilimgeukia nikamwambia, "Si ugonjwa huu. Ni Kiswahili."

Nilipiga magoti nikamshika Sista mikono. Aliniuliza kama mlima umefunguka leo. Nikamwambia ndiyo, Kibo yote inaonekana. Akauliza kama ndizi zimekomaa za kutosha supu ya mtori kwa wazazi wodini. Nikamwambia zipo. Kisha akaniinamia, akashusha sauti.

"Wewe unatoka mjini. Unamfahamu Yustina?"

"Ni mimi, Sista. Mimi ndiye Yustina."

Alinichunguza, akacheka kwa upole. "Hapana. Yustina ni msichana mwembamba. Wewe ni mama mtu mzima. Lakini ukimwona, mwambie hivi: aliniita mara mbili. Nilimsikia. Nilikuwa nimechoka, nikasema nilale kidogo tu. Niliogopa kuwaambia wale watu. Mwambie ni mimi niliyechelewa."

Nililia pale sakafuni. Hasira ya miaka tisa ilikuwa ndiyo iliyonisimamisha, na sasa sikuwa na cha kujishikiza. Nilipopata sauti nilisema, "Nitamwambia, Sista. Hana kinyongo tena. Yeye pia anaomba umsamehe, kwa kutokuja kukuaga."

"Alikuwa na zamu," alisema Sista Klementina. "Maskini. Anafanya kazi sana."

Saa nane ilibidi niondoke. Nilimmenyea chungwa, tukala. Alinishika kitambaa cha kichwani akauliza nitapanda tena lini. Sikuweza kumdanganya, nikasema, "Nitaandika." Nikiwa kwenye tramu niliona kuba za makanisa zikipita mbali, nami nikatamani ningekuwa na siku nyingine moja, si ya makanisa.

Wakati wa kurudi, baada ya kozi, ndege yetu ilisimama Roma kwa saa moja tu, na hatukuruhusiwa kutoka. Nilisimama kwenye kioo nikitazama upande nilioudhania kuwa wa mjini, mpaka tukaitwa.

Moshi watu waliniuliza Roma ikoje. Niliwaambia sikuiona. Nilichojifunza huko ni kwamba mtu anaweza kurudishwa kwao akawa mgeni, na kwamba yule niliyemkwepa muda wote ule alikuwa anatamani kijiji changu kuliko mimi mwenyewe.

Ninamwandikia kila mwezi, kwa herufi kubwa: mvua, migomba, watoto waliozaliwa. Juzi Agnese alinijibu kwa Kiingereza chake. Anasema yeye ndiye anayesoma barua zangu kwa sauti, bila kuelewa hata neno moja. Akikosea kutamka, Sista Klementina humkatiza kwa ukali, humsahihisha, na kumwamuru aanze tena mwanzo.