Nilivyokata "chapati" ya shaba kwenye redio ya microwave, nusura nimponze mzee wa watu

Wakuu, habari zenu. Haya sikusimuliwa, niliyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo mnicheke taratibu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi mpya Kisumu, kwenye karakana ya redio za microwave, zile za kubeba simu kutoka mji hadi mji. Mkuu wangu alikuwa Mzee Okello, amebakiza miezi michache astaafu.

Siku moja ikaletwa board ya amplifier ya laini ya Port Victoria, mji wa wavuvi kando ya ziwa. Unyevu wa ziwa umeila. Nikapewa niisafishe.

Kwenye njia nyembamba ya shaba inayoleta umeme nikaona kipande kama robo ya chapati. Ncha yake imeshika ile njia, upande mpana haujaungwa na kitu. Tena kimeanza kubanduka.

Nikajiambia huu ni urembo wa kiwandani. Nikakikata, nikakitia mfukoni.

Nikapima umeme, uko sawa. Mzee akaniamini, akasaini bila kukagua.

Board iliporudishwa kwenye mtambo, amplifier ikaanza ku-oscillate, yaani inatoa mawimbi yake yenyewe badala ya kukuza yale iliyoletewa. Port Victoria hakuna simu. Wenye samaki hawawapati wanunuzi wa Kisumu, na samaki hangoji.

Wakubwa wakauliza nani alisaini. Mzee akaambiwa ajieleze kwa maandishi, na habari zikavuma kwamba atafukuzwa.

Niliogopa, sitaficha. Mchana nikaenda ufuo wa Dunga nikitupe kile kipande ziwani, ushahidi uishe. Nikasimama pale karibu na akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, mkono ukakataa. Niliona aibu sana.

Nikarudi, nikamweleza Mzee yote, hadi safari ya Dunga.

"Mzee, ni mimi nilikata hii kitu. Niliona haiendi mahali."

Akaigeuza geuza. "Umeme ya betri ndio inaona haiendi mahali," akasema. "Microwave inaona hapo ni ground, kama imeunganishwa na ardhi. Ukitoa, signal inakimbilia kwa laini ya umeme, inarudi kusumbua amplifier. Hii inaitwa radial stub."

Vipimo vyake hatukuwa navyo popote. Akakilaza juu ya karatasi ya shaba, akachora ukingo wake, akakata kingine na kukiunga. Jioni hiyo Port Victoria wakapiga simu.

Kwenye maelezo yake Mzee aliandika kwamba alisaini bila kukagua. Akapewa onyo, akastaafu salama. Jina langu hakuliweka. Nilipomuuliza sababu, akanijibu bila kuinua macho:

"Ungetupa hiyo kitu, ningeandika."

Tangu hapo, nisichojua kazi yake sikikati, nauliza kwanza.

Mafundi wenzangu, nyie mlishakata nini mkidhani ni urembo? Semeni tu, hapa hakuna anayesaini.