Baba Alipoingia Kwenye Kitalu cha Kayongo

Kazi yangu ni kupanda magugu. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu hucheka, kisha huniuliza kazi yenyewe hasa ni gani. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Katika kituo chetu cha utafiti, nje kidogo ya Kitisuru, tuna kitalu chenye paa la plastiki, na ndani yake ndoo nyingi za udongo. Kila ndoo ina mahindi, na kila ndoo tumeitia mbegu za kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi mpaka yanadumaa na kugeuka manjano. Mbegu zake ni laini kama vumbi, kwa hiyo tukitoka tunakung'uta makoti na kupiga viatu brashi, zisije zikahamia kwa majirani. Tunatafuta mahindi ambayo kayongo haiwezi kuyashika. Ili uyapate, lazima kwanza uifuge kayongo yenyewe.

Baba hakuwahi kuielewa kazi hii, nami nilikuwa nimechoka kumweleza. Yeye ni mkulima wa Busia. Shamba letu limejaa kayongo, na dawa yake kwetu ni moja: kuinama na kung'oa kwa mkono, shina baada ya shina, kabla halijamwaga mbegu. Nimekua nikiuona mgongo wa baba zaidi kuliko uso wake. Sasa mgongo huo umekataa.

Ndiyo maana alikuja Nairobi. Asubuhi hiyo tulikuwa Upper Hill kwa daktari wa mifupa, kijana mpole, ambaye alizitazama picha zake na kumwambia, "Mzee, hii kazi ya kuinama uachane nayo. Kabisa." Baba akauliza kama anaruhusiwa kuinama kidogo tu. Daktari akasema hapana. Kwenye teksi, tukiwa tumekwama Westlands, alisema atakodisha shamba lote. "Shamba ya kayongo bila mtu wa kuinama ni kazi bure." Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Mimi niliumia sana, kwa sababu namjua baba yangu. Bila shamba ataisha.

Nilikuwa na kazi kituoni, kwa hiyo nikapitia naye huko. Wiki iliyofuata tungehesabu kayongo iliyoota katika kila ndoo, jasho letu la msimu mzima. Nilimvalisha koti jeupe, likambana mabegani, nikamketisha kwenye stuli ndani ya kitalu.

"Baba, nakuja sasa hivi, bosi ananiita. Usiguse kitu."

"Niguse nini?" akasema.

Bosi hana maneno machache. Niliporudi stuli ilikuwa tupu. Baba alikuwa ameinama kati ya safu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukichapa kazi. Nyuma yake, sakafuni, palikuwa na rundo la kayongo, maua yote yakielekea upande mmoja, jinsi anavyoyapanga nyumbani kabla ya kuyachoma. Alikuwa amekaribia kumaliza kitalu kizima.

"Baba!"

Alinigeukia akitabasamu, jasho likimtoka. "Mlikuwa mmelala, mama. Hii kitu ilikuwa inataka kumwaga mbegu."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia aache, nikamkumbusha maneno ya daktari, nikamwambia kwamba hayo aliyoyang'oa ndiyo kazi yangu. Sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi. Nililitazama lile rundo nikijua hakuna tena atakayeweza kusema shina gani lilitoka ndoo gani.  Baba alibaki ameinama palepale, akipekua udongo wa ndoo moja kwa vidole, polepole, kuzunguka shina la mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yamenawiri, kijani kibichi hadi chini.

"Hii nani alipalilia?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu alinitangulia hapa."

"Hakuna, Baba. Kayongo tuliitia humo kama kwenye hizo zingine. Hayo mahindi yameikataa."

Akapekua tena, vidole vikazama mpaka kifundo.

"Na hakuna mtu aliinama?"

"Hakuna aliyeinama, Baba."

Alijiinua akinishika bega, nikausikia uzito wake wote. Akauliza mbegu hiyo itafika Busia lini. Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia ukweli: ndoo moja safi haitoshi, lazima tuhesabu zote, safi na chafu, ndipo wenye kuidhinisha mbegu watusikilize, na sasa itabidi tupande upya kuanzia mwanzo. Alilitazama rundo lake. Maua yalikuwa yameanza kunyauka. Hasira yangu ilikuwa imekwisha, nikabaki na huruma tu. Wakati wa kutoka alivipiga viatu vyake brashi kwa bidii, soli na visigino, mpaka nikamwambia yatosha.

Alirudi Busia, na shamba akalikodisha, ila si lote. Kipande kilicho kando ya nyumba amekiacha bila kupanda chochote, na majirani wanamcheka kwamba uzee umemfikia. Anasubiri. Sisi tulipanda upya, na tangu hapo hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Zamani simu hizo zilikuwa za kuniuliza nitaolewa lini. Jumapili iliyopita hata salamu hakumaliza.

"Mama, kayongo yako imeota?"

"Imeota, Baba. Imejaa kabisa."

"Bwana asifiwe," akasema. "Usikubali mtu aiguse."